Hili joto ni la Dar au ni langu? Maswali na majibu kuhusu mitishamba na kukoma hedhi

Mimi ni mfamasia, kaunta yangu iko Temeke. Maswali yaliyo hapa chini huulizwa kwa sauti ya chini, muulizaji akisubiri kwanza yule kijana aliyekuja kununua dawa ya mafua aondoke. Nimeyaandika karibu na vile yanavyoulizwa.

Joto linanipanda ghafla, jasho linanichuruzika, halafu nasikia baridi. Nitajuaje kama ni hedhi inayokoma na si hili jua la Dar?

Kwa mji huu ni swali la haki, hasa Januari na Februari. Ila joto la Dar linawakuta wote kwenye daladala, lako linakukuta peke yako. Abiria wa pembeni katulia anachezea simu, wewe khanga imeshalowa. Mara nyingi linaanzia kifuani, linapanda shingoni na usoni, linakaa dakika chache, likiondoka linakuachia ubaridi. Usiku linakuamsha ukatafute feni.

Chanzo kiko kichwani zaidi kuliko tumboni. Ubongo una sehemu ndogo, hipothalamasi, inayolinda joto la mwili. Homoni ya estrojeni inaposhuka, sehemu hiyo inakuwa nyepesi kushtuka: joto la mwili likipanda kidogo tu, inaamuru mishipa ya ngozi ifunguke na jasho litoke, kama vile umetoka kukimbia.

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55, na tunasema imekoma ikipita miezi 12 mfululizo bila kuona siku. Lakini joto linaweza kuanza hedhi ikiwa bado inakuja kwa kurukaruka. Kipindi hicho mimba bado inaingia, na hakuna mtishamba unaoizuia, kwa hiyo usiache uzazi wa mpango kwa sababu umeruka miezi mitatu.

Halafu si kila jasho la usiku ni la hedhi. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili na zaidi, au nguo zimeanza kukupwaya, kapime kifua kikuu. Moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka kunaweza kuwa tezi ya shingo. Kuna na jambo la sukari, nitalifikia.

Kwa nini nisitumie homoni tu? Au ni kweli zinaleta saratani?

Hofu hiyo ina mwaka wake: 2002. Marekani ulikuwepo utafiti mkubwa wa wanawake zaidi ya 16,000, nusu wakipewa vidonge vya estrojeni na projestini (homoni ya jamii ya projesteroni), nusu vidonge visivyo na dawa. Ulisimamishwa kabla ya muda, kwa sababu waliopewa homoni walipata saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda zaidi kuliko wenzao. Habari ikaenea dunia nzima, wanawake wakatupa vidonge.

Kilichopotea njiani ni ukubwa wa hatari yenyewe. Uwanja wa Mkapa unakalisha watu 60,000. Chukua sehemu moja ya sita ya viti, uwaketishe wanawake 10,000 wanaotumia vidonge vile kwa mwaka mmoja. Saratani za matiti zilizoongezeka ni 8. Si sifuri, na mwenye dada aliyeugua haoni kama ni ndogo. Ila sivyo inavyosimuliwa saluni. Tena wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, wakati wanaokuja kwangu wakilia na joto wana 48 au 51. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa kwa mwenye afya nzuri aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida inazidi hatari.

Wapo wasiofaa kabisa kuanza bila daktari bingwa: aliyewahi kuugua saratani ya matiti, aliyepata kiharusi au damu kuganda mshipani, mwenye ugonjwa wa ini, na anayetokwa damu ukeni bila sababu kujulikana. Mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni peke yake, lazima iandamane na projesteroni, la sivyo ukuta wa ndani wa mfuko unanenepa na unaweza kugeuka saratani. Ndiyo maana dawa hizi zinataka cheti. Si kila famasi inaziweka, na bei yake si ya kila mfuko, hilo nakiri.

Kundi moja naliwekea mkazo. Kama hedhi imekoma kabla ya miaka 40, au umetolewa vifuko vyote viwili vya mayai (ovari) kwa upasuaji, usikae na chai ya majani miaka kumi. Mifupa na moyo wako vinahitaji homoni angalau mpaka umri wa kawaida wa kukoma.

Basi niambie mitishamba gani inasaidia kweli.

Kabla sijataja jina lolote, jambo moja litakalokuepusha na matapeli wengi. Kwenye tafiti za joto hili, wanawake waliopewa kidonge kisicho na dawa yoyote joto lao lilipungua pia, wakati mwingine kwa zaidi ya nusu. Hawakudanganya. Joto lina vipindi vyake, na kutumaini kunatuliza. Kwa hiyo shoga yako akikuapia kwamba unga fulani "umeniponya kabisa", anasema kweli yake, lakini haijathibitisha unga. Swali la kuuliza ni kama umeshinda kidonge kitupu. Homoni zilishinda, tena mbali. Majani mengi hayajashinda.

Soya ndiyo iliyopimwa kuliko nyingine. Ina viini vinavyofanana kidogo na estrojeni, na kwa baadhi ya wanawake joto linapungua kiasi. Kwa wengine hakuna kitu, na sababu mojawapo iko utumboni: wapo watu ambao bakteria wao wanageuza kiini cha soya kuwa kitu chenye nguvu zaidi, wengine hawana bakteria hao. Huwezi kujua uko upande gani mpaka ujaribu kama wiki 12. Maziwa ya soya, au ile nyama ya soya kwenye mchuzi, ni chakula na sina ugomvi nacho. Vidonge vyenye soya iliyokolezwa kwa miaka mingi ni jambo jingine: huko Italia waliovinywa kwa miaka 5 wapo ambao ukuta wa mfuko wa uzazi ulinenepa.

Uwatu. Huu ndio wetu, umejaa kwenye maduka ya viungo Kariakoo, na wanawake wa Pwani wameutumia tangu zamani kwa mama aliyejifungua. Kwa joto la kukoma hedhi zipo tafiti chache, ndogo, za muda mfupi, zinazotia matumaini tu. Unashusha sukari, na ukiunywa sana jasho lenyewe linanukia uwatu, usije ukamlaumu mtu wa kufua.

Yale makopo ya kutoka nje yaliyoandikwa Black Cohosh ni mzizi wa mmea wa Amerika Kaskazini. Mwaka 2012 wataalamu walikusanya tafiti 16 zenye wanawake zaidi ya 2,000, wakaona ushahidi hautoshi kusema unasaidia. Zimeripotiwa pia kesi za ini kuumia, chache lakini zipo. Kwa bei yake mimi nisingenunua.

Mlonge ni mboga nzuri. Habbat soda, mdalasini, tangawizi, mbegu za maboga: kula. Kwa joto hili hakuna kati ya hivyo nitakachokuuzia kama dawa.

Muuzaji kaniambia dawa yake ni ya asili, haina kemikali, kwa hiyo haina madhara.

Mwambie akutajie kilichomo. Majani kuwa na nguvu ya kutibu ni sawa na kusema yana kemikali, na chenye nguvu ya kutibu kina nguvu ya kudhuru. Mimi sidharau tiba asili. Muhimbili kuna taasisi ya chuo kikuu inayochunguza dawa hizi, kazi iliyoanza 1974, na tangu 2002 tunayo sheria ya tiba asili na tiba mbadala, pamoja na Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Muuzaji makini hachukii kuulizwa namba ya usajili. Anayechukia, au mwenye chupa moja inayotibu joto, fangasi, nguvu za kiume na madeni, muachie chupa yake.

Natumia dawa nyingine za hospitali. Naweza kuchanganya?

Mama mmoja, wa miaka hamsini na kitu, alikuja asubuhi ya saa tano. Baada ya shikamoo na marahaba za foleni akamwaga mfuko wake juu ya kaunta: uwatu uliofungwa kwenye gazeti, unga wa mlonge kwenye kopo la kahawa, chupa ya maji yenye kitu cha rangi ya udongo, na bahasha za kliniki. "Mwanangu, hizi zote nanywa, na joto ndiyo kwanza linazidi. Hata sasa limenishika."

Alikuwa analowa kweli, lakini vidole vilitetemeka na midomo ilikuwa imepauka. Joto la kukoma hedhi linaiva uso, halipaushi. Nikafungua zile bahasha, moja ilikuwa glibenklamaidi, kidonge cha sukari. Alikuwa anakinywa alfajiri, anashushia na glasi ya uwatu, anaahirisha chai mpaka akirudi sokoni. Tukamchoma kidole: sukari 3.1, imeshuka mno. Nikamtuma kijana avuke barabara alete juisi ya miwa. Baada ya robo saa mkono ukatulia, akaniuliza kama ile juisi ni dawa ya joto.

Kwa hiyo mwenye sukari awe macho na uwatu na mlonge, na mlonge unaweza kushusha presha pia. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asiguse vidonge vya mimea bila kumuuliza daktari wake, kwani ginseng na mizizi ya Kichina aina ya dong quai vinaweza kuvuruga kipimo chake. Anayemeza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI akae mbali na makopo ya St. John's wort yanayouzwa kwa huzuni na kukosa usingizi, maana yanapunguza dawa kwenye damu, virusi vikapata nafasi. Na aliyetibiwa saratani ya matiti asijiongezee chochote chenye sifa ya "kuongeza homoni". Kwake zipo dawa za joto zisizo homoni, ambazo daktari anaweza kumwandikia.

Mimi joto nalivumilia. Shida yangu ni ukavu, na shangazi kaniambia nitumie shabu.

Mwambie shangazi asante, na shabu irudi kabatini. Kazi ya shabu ni kukausha na kubana, nawe umeshakauka. Itachubua ngozi ambayo estrojeni ilipopungua imeshakuwa nyembamba, na mchubuko unafungua njia kwa maambukizi. Kujifukiza na kuweka majani ndani ni hivyohivyo. Anza na kilainishi cha maji wakati wa tendo. Kisipotosha, ipo krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, kiasi kidogo ambacho karibu chote kinabaki palepale, na mara nyingi inapunguza hata UTI za kila mwezi. Joto huisha lenyewe, ingawa linaweza kukaa zaidi ya miaka saba. Ukavu hauishi wenyewe.

Hedhi ilikoma miaka miwili. Nimekunywa dawa ya mitishamba na siku zangu zimerudi. Si ndiyo nimerudi ujanani?

Hapana, mama. Damu baada ya mwaka mzima wa ukimya ni ya kupimwa wiki hii, hata kama ni tone. Inaweza kuwa jambo dogo, inaweza kuwa saratani ya mfuko wa uzazi au ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inaongoza kwa wanawake wa Tanzania. Nenda hospitali ya wilaya au Ocean Road, hospitali ya saratani, na hiyo chupa uende nayo.

Nikienda kliniki niseme natumia mitishamba? Naogopa kufokewa.

Sema, na kama mdomo mzito, fanya kama yule mama: mwaga mfuko mezani. Chukua kalenda ya ukutani, weka alama kila joto linapokushika kwa wiki mbili, na uandike ulichokula kabla yake. Wengi wanagundua chai ya moto, pilipili au bia. Na kama una tarehe ya upasuaji, acha vidonge vya mimea wiki mbili kabla na umwambie daktari.

Yule mama alirudi mwezi uliofuata. Kliniki walimbadilishia kidonge cha sukari, uwatu anautia kwenye mchuzi tu, chupa ya rangi ya udongo aliimwaga. Joto la kweli bado analo, mara tatu kwa siku, limeandikwa kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda aliyoikunja mara nne ndani ya khanga. Sasa anataka kujua bei ya homoni.