Kwa nini chakula kiliwaua waliokombolewa Bergen-Belsen? Maswali na majibu

Wafungwa wa kambi za Wanazi walikula nini kwa siku?

Tuchukue Auschwitz, kambi iliyokuwa Poland. Asubuhi ni maji meusi yaliyoitwa kahawa. Mchana supu ya mizizi na viazi, jioni mkate wa gramu 300 hivi. Jumla ni kalori kati ya 1,300 na 1,700, tena kwa mtu wa kazi za sulubu kutwa nzima. Mzoefu hakukimbilia mbele ya foleni ya supu: juu ya sufuria ni maji matupu, viazi vimelala chini.

Njaa ya namna hiyo inaufanya nini mwili?

Mwili unajila. Unamaliza mafuta, unahamia kwenye misuli, na moyo nao ni msuli. Miguu inavimba, kidonda kidogo hakiponi, kuhara hakukatiki.

Tifasi, ugonjwa ulioua wengi kambini, ndiyo taifodi?

Hapana, ingawa majina yanachanganya wengi. Taifodi huingia kwa maji na chakula kichafu. Tifasi ya kambini ililetwa na chawa wa mwilini, yule anayejificha kwenye mishono ya nguo. Watu wamebanana bandani, nguo ni ileile mchana na usiku: chawa atakosaje njia?

Walipokombolewa, kwa nini waliendelea kufa?

Waingereza waliingia Bergen-Belsen, kambi ya Wanazi huko Ujerumani, tarehe 15 Aprili 1945, wakakuta watu wapatao 60,000 wangali hai. Karibu 14,000 kati yao walikufa baadaye. Wengi waliuawa na tifasi na maradhi mengine, lakini wapo waliouawa na shibe. Askari, kwa huruma tu, waligawa nyama ya makopo yenye mafuta tele. Aliyekaa na njaa muda mrefu akila sana ghafla, insulini (homoni inayoingiza sukari kwenye seli) hupanda na kusukuma fosfeti na potasiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli. Damu ikiishiwa madini hayo, moyo huyumba na unaweza kusimama.

Madaktari walifanyaje?

Walijaribu uji wa maziwa ya unga, unga na sukari, uliowahi kutumika kwenye njaa ya Bengal, India, mwaka 1943. Wagonjwa wengi ukawashinda kwa utamu. Sindano za lishe nazo zilizua vilio, maana kambini sindano ilikuwa njia mojawapo ya kuua. Chawa waliuawa kwa unga wa DDT, dawa ya wadudu, na banda la mwisho likachomwa moto tarehe 21 Mei.

Na leo, mtu aliyedhoofika kwa njaa apewe nini?

Awahishwe hospitali, asiandaliwe karamu. Mtoto aliyelazwa kwa utapiamlo mkali huanzishiwa F-75, maziwa maalumu ya tiba, kidogo kidogo kila baada ya saa 2 au 3, usiku pia. Mama wengi wodini hunung'unika wakiona kikombe hakijajaa huku mtoto analilia zaidi. Muuguzi hakunyimi, mama. Tena tafadhali usimwongezee uji kwa siri akigeuka.