Kivuli cha Juni: jua la Mbeya katika picha za nyumba za kompyuta

Picha nyingi za nyumba zinazochorwa kwa kompyuta hapa Mbeya zina jua la nchi za watu. Nyumba ni yetu, bati ni letu, mgomba uko pembeni, lakini kivuli cha mchana wa Juni kimelala kaskazini, mahali ambapo kwetu hakiwezi kulala. Mteja huenda asiitambue kasoro yenyewe, ila picha haimpeleki nyumbani.

Mbeya iko takribani nyuzi 8.9 kusini mwa Ikweta. Mwishoni mwa Juni jua la mchana hupita kaskazini mwetu, nyuzi 58 hivi juu ya upeo wa macho. Desemba hupita kusini, likiwa juu zaidi, nyuzi 75 na ushei. Programu ya kuchorea ikiachwa kwenye mji wa Ulaya, jua lake la mchana litabaki kusini mwaka mzima. Na ukijaza latitudo yetu ukasahau alama ya kutoa, ambayo ndiyo inayoonyesha kusini mwa Ikweta, nyumba umeihamishia maeneo ya mpaka wa Sudan Kusini na Ethiopia. Huko kivuli kirefu cha Juni kinakuwa kifupi, na kile kifupi cha Desemba kinarefuka. Saa nayo iangaliwe: kwa majira yetu ya Afrika Mashariki, jua la Mbeya hufika kati karibu saa saba kasorobo, si saa sita kamili.

Ukishaweka jua mahali pake, hadithi inaanza kujitokeza yenyewe. Chukua benchi lililoegemezwa ukuta wa kaskazini, chini ya upenu wa sentimita 60. Mchana wa Juni kivuli cha upenu hushuka ukutani kama sentimita 95 tu, kwa hiyo bibi aliyekaa pale anaota jua mwili mzima. Kila aliyekulia nyanda hizi, akakumbuka baridi ya Juni na Julai, anaelewa kwa nini bibi kachagua ukuta ule. Weka picha ileile Desemba: ukuta mzima wa kaskazini uko kivulini, benchi ni tupu, ardhi imelowa. Hujaongeza kitu chochote cha thamani, umebadilisha tarehe tu, na tayari nyumba ina watu na majira.

Ndiyo maana siwaungi mkono wachoraji wanaojaza taa za ziada kila pembe ili “kila kitu kionekane”. Kila kitu kikionekana sawasawa, jicho halina pa kutua. Chagua mwanga mmoja mkuu, kisha vumilia giza. Ndani ya jiko la usiku, moto wa kuni unatosha kubeba picha: umbali kutoka kwenye moto ukiongezeka mara mbili, mwanga hubaki robo, basi uso wa mpishi utang'aa na rafu za nyuma zitafifia. Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini: namba ndogo ni mwanga wa manjano-wekundu, kubwa ni wa kuelekea buluu. Mwanga wa mshumaa una kelvini 1,900 hivi, wa mawingu ya mchana karibu 6,500. Ukiacha mlango wazi alasiri ya mvua, rangi hizo mbili zitakutana sakafuni, na mtazamaji atajua nani yuko nje na nani yuko ndani.

Udongo mwekundu nao usisahaulike. Mwanga ukiugonga hudunda na kupaka wekundu sehemu ya chini ya ukuta mweupe. Mwaka 1986 James Kajiya, mtaalamu wa picha za kompyuta, alichapisha mlinganyo unaoeleza mwanga unavyosafiri kutoka uso mmoja hadi mwingine, na programu nyingi za leo huukokotoa. Ila lazima uiwekee programu uwanja mwekundu; ukiacha sakafu ya kijivu iliyokuja nayo, itadundisha kijivu.

Kabla ya kumpelekea mteja picha ya Juni, nenda kwenye kiwanja chenyewe mwezi huo, saa saba kasorobo. Simika wima fimbo ya mita moja juu ya ardhi tambarare. Kivuli chake kitaelekea kusini, urefu wa sentimita 63 hivi. Kisha simika fimbo kama hiyo ndani ya programu, uvilinganishe.