Chungu juu ya mshumaa hakiongezi joto la kitalu nyumba

Kwa muda mrefu watu wengi wameamini kwamba mshumaa mdogo uliofunikwa kwa chungu cha udongo unatosha kukinga kitalu nyumba dhidi ya baridi kali ya usiku, kwa kuwa chungu huzidisha joto. Ni kweli kwamba chungu hicho huwa cha moto kikiguswa, na pengine ndiyo sababu dhana hii hukubalika kwa urahisi. Hata hivyo, chungu hakizalishi joto lolote, bali hupokea lile la mshumaa na kulitoa polepole. Mshumaa wa aina hiyo hutoa takribani wati 30 hadi 40, ilhali kitalu chenye mita za mraba 20 za kioo cha tabaka moja, kikitakiwa kuizidi hewa ya nje kwa nyuzi 10 za Selsiasi, hupoteza zaidi ya wati 1,000.

Anayetaka kuhakikisha aweke kipimajoto kimoja ndani na kingine nje, kisha alinganishe tofauti ya vipimo katika usiku wa mshumaa pekee na usiku wa mshumaa wenye chungu. Kuziba nyufa na kutandaza plastiki yenye viputo upande wa ndani wa vioo husaidia zaidi.