Je, wajua kwa nini mkemia huhesabu kwa mizani?

Chukua gramu 40 za sodiamu haidroksaidi, ambayo ni alkali, na gramu 40 za asidi ya haidrokloriki, uzikutanishe ndani ya maji. Uzito ni sawasawa, kwa hiyo ungetarajia zimalizane, isibaki asidi wala alkali. Wapi! Zitabaki gramu 3.5 hivi za asidi, na ukichovya karatasi ya litmasi ya buluu, inayotambua asidi, itageuka nyekundu.

Kemikali hukutana kichwa kwa kichwa. Hapa chembe moja ya asidi humalizana na chembe moja ya alkali. Chembe ya asidi hii ni nyepesi kuliko ya alkali, 36.5 kwa 40, hivyo katika gramu 40 za asidi mna vichwa vingi zaidi. Vilivyokosa mwenzi ndivyo vinavyobaki.

Basi tuhesabu vichwa? Gramu 18 za maji, zaidi kidogo ya kijiko kikubwa cha mezani, zina molekuli 6.022 × 10²³. Ukihesabu milioni moja kila sekunde bila kulala, utamaliza baada ya miaka kama bilioni 19, na ulimwengu wenyewe una miaka bilioni 13.8 tu. Muuza misumari alishalitatua tatizo la namna hii: akijua uzito wa misumari mia, akikupimia kilo anajua amekupa mingapi. Mkemia hufanya vivyo hivyo. Fungu lake la kuhesabia huitwa moli, nalo ni fungu kama jozi, dazeni au korija, ila ni kubwa kupindukia: moli moja ni vichwa 6.022 × 10²³.

Lakini mbona namba yenyewe imekaa ovyo hivyo? Ilipatikana kwa kutaka namba za jedwali la elementi zisomeke kama gramu. Jedwali linasema haidrojeni ni 1, oksijeni 16, sodiamu 23, klorini 35.5. Huo ni ulinganisho tu: atomu ya oksijeni ni nzito mara 16 hivi kuliko ya haidrojeni. Sasa ukipima gramu 1 ya haidrojeni na gramu 16 za oksijeni, idadi ya atomu katika mafungu hayo mawili lazima ilingane, hata kama hujui ni ngapi.

Na kweli hawakujua. Amedeo Avogadro, ambaye namba hiyo inaitwa kwa jina lake, alieleza mwaka 1811 kwamba gesi zenye ujazo, joto na kanieneo sawa zina idadi sawa ya molekuli. Alifariki 1856 bila kujua ni ngapi. Hesabu za Josef Loschmidt za mwaka 1865 ndizo zilizofungua njia ya kuikadiria, na Mfaransa Jean Perrin ndiye aliyependekeza mwaka 1909 iitwe namba ya Avogadro. Zamani moli ilifafanuliwa kwa idadi ya atomu zilizomo katika gramu 12 za kaboni-12. Tangu tarehe 20 Mei 2019 imefungwa kwenye namba kamili, 6.02214076 × 10²³.

Kugeuza gramu kuwa moli ni kugawanya tu. Sodiamu haidroksaidi ina sodiamu, oksijeni na haidrojeni moja moja: 23 + 16 + 1 = 40. Kwa hiyo gramu 10 gawanya kwa 40 ni moli 0.25. Ukitaka kurudi kwenye gramu, zidisha.

Wengi hujikwaa kwenye molariti, yaani idadi ya moli katika lita moja ya mmumunyo (maji pamoja na kilichoyeyuka ndani yake). Nasema lita ya mmumunyo, si lita ya maji uliyotia. Tuseme unataka mililita 250 zenye molariti 1. Unapima zile gramu 10, unaziyeyusha kwenye bika lenye maji kiasi, na bika linapata moto mkononi. Subiri lipoe. Ndipo unamimina kwenye chupa ya kupimia ujazo, ile yenye shingo nyembamba na mstari mmoja, unasuuza bika na kumimina humo maji ya kusuuzia, kisha unaongeza maji, mwishoni tone kwa tone, mpaka sehemu ya chini ya mbonyeo wa maji iguse mstari. Ukijaza ingali ya moto, ikipoa itanywea chini ya mstari, na utakuwa umetengeneza mmumunyo mkali kuliko ulivyokusudia.

Hesabu: 0.25 gawanya kwa lita 0.25, jibu 1. Ukisahau kugeuza mililita utagawanya kwa 250 na kupata 0.001, kosa la mara elfu ambalo kikokotoo hakitakuonya.

Kuzimua ni rahisi zaidi, maana maji hayaongezi wala kupunguza moli. Ukichota mililita 25 za mmumunyo huo na kuzifikisha 250, ujazo umekuwa mara kumi, molariti imeshuka hadi 0.1.

Ila sodiamu haidroksaidi ina ujanja wake. Punje zake hunyonya unyevu na kaboni dayoksaidi ya hewani wakati bado ziko kwenye mizani, kwa hiyo katika gramu 10 ulizosoma, sehemu fulani ni maji. Ndiyo maana mkemia makini hupima molariti halisi ya mmumunyo huo kwa asidi ambayo molariti yake inajulikana, kisha huandika kwenye lebo namba aliyoipata, hata ikiwa ni 0.97 badala ya 1.