Laxton: kijiji kinacholima bila ua

Sisi wapima ardhi tunaitamani ramani ya Laxton, kijiji cha Uingereza, ya mwaka 1635. Mark Pierce aliichora kwa ajili ya Sir William Courten, mwenye ardhi ya kijiji hicho, na ndani yake utaona kila ngwe, yaani kipande chembamba cha shamba, na mwenye nayo, pamoja na watu wanaolima, wanaovuna, hata wanaowinda. Siku hizi inatunzwa Maktaba ya Bodleian, Oxford.

Zamani vijiji vingi vya katikati ya Uingereza vililima mashamba makubwa yasiyo na ua. Kila mkulima alikuwa na ngwe zake, zimetawanyika huku na huku, kwa hiyo udongo mzuri na mbaya waligawana. Kufikia karne ya 18 na 19 Bunge likapitisha maelfu ya sheria za kuyakata mashamba hayo na kuyazungushia ua. Wakubwa walinufaika, wanyonge wengi wakabaki bila malisho. Laxton, huko Nottinghamshire, ikasalimika. Mashamba yake matatu, West Field, South Field na Mill Field, bado yanakwenda kwa zamu: moja ngano, moja mazao ya machipuko, moja linapumzishwa.

Ninachokipenda zaidi ni Court Leet, baraza la kijiji ambalo bado lina meno kisheria. Baridi inapoanza, wajumbe hupanda tela la trekta wakaenda kukagua shamba lililopandwa ngano. Hutazama ncha za ngwe, hupigilia vigingi vipya, na aliyelima akamega njia au nyasi za wote huandikiwa faini. Baada ya wiki moja baraza hukaa Dovecote Inn, baa ya kijiji, na majina husomwa mbele ya majirani. Pesa yenyewe ni kidogo. Lakini hebu fikiria kusomwa mbele ya watu unaokunywa nao kila Jumamosi!

Hata nyumba zinasimulia. Kwingineko, baada ya mashamba kuzungushiwa ua, wakulima wengi walihamia katikati ya mashamba yao mapya. Laxton nyumba za wakulima bado zimejipanga barabarani, nyingi zikiipa njia ubavu.

Mwaka 1952 Earl Manvers, mwenye ardhi wa wakati huo, aliiuzia serikali ardhi hiyo ili utaratibu usife. Crown Estate, shirika linalosimamia ardhi za Ufalme, ikaichukua 1981, na tangu 2020 iko chini ya Thoresby Estate, yaani imerudi kwenye ukoo wa Manvers. Wamiliki wamebadilika mara tatu, na vigingi bado vinapigiliwa na wakulima wenyewe.