Mzunguko wa kubadilisha simu, na bei ya kweli ya simu janja

Mzunguko wa kubadilisha simu ni muda unaopita tangu siku unaponunua simu hadi siku unapoiacha na kushika nyingine. Watengenezaji wanaufuatilia kwa karibu, kwa kuwa mauzo yao ya mwakani yanautegemea. Mnunuzi naye ana sababu ya kuufuatilia vilevile: ndio unaoamua simu imemgharimu kiasi gani. Bei iliyobandikwa dukani haitoshi. Chukua bei uliyonunulia, ongeza matengenezo, toa bei uliyouzia, kisha gawa kwa idadi ya miezi uliyoitumia.

Tuseme simu ya Sh 450,000 za Tanzania inauzwa baada ya miezi 18 kwa Sh 90,000. Imekula Sh 20,000 kila mwezi. Simu hiyohiyo ikibadilishwa betri kwa Sh 40,000, ikafika miezi 36 na kuuzwa kwa Sh 30,000 tu, gharama yake inashuka hadi kama Sh 12,800 kwa mwezi. Sasa chukua simu ya daraja la juu iliyotumika miaka miwili, umeinunua Sh 900,000, ukaitumia miezi 24 na kuiuza Sh 450,000: hiyo ni Sh 18,750 kwa mwezi. Kwa hiyo simu iliyokuwa na bei maradufu dukani imetoka nafuu kuliko ile ya bei ndogo iliyoachwa mapema. Hapo ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Wanapigania punguzo dogo kwa muuzaji wa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, halafu wanaitupa simu kwa ajili ya betri.

Mazoea ya kubadilisha simu kila baada ya miaka miwili yalitoka kwenye mikataba ya Marekani. iPhone ya kwanza ilitoka Juni 2007 kwa dola 499 na dola 599, na mnunuzi alipaswa kuingia mkataba wa miaka miwili na kampuni ya mtandao ya AT&T. Miezi michache baadaye ile ya dola 599 ikashushwa hadi 399. Mwaka 2008 iPhone 3G ikauzwa dola 199 kwa mkataba, na simu ya kwanza ya Android, T-Mobile G1, dola 179. Simu hazikuwa rahisi kiasi hicho. Kampuni ya mtandao ililipa sehemu kubwa ya bei, kisha ikairudisha kupitia bili ya kila mwezi. Mkataba ulipoisha bili haikupungua, kwa hiyo aliyebaki na simu ya zamani alikuwa anaendelea kulipia simu aliyokwisha kuilipa. Ilikuwa na maana kubadilisha.

T-Mobile iliacha utaratibu huo mwaka 2013, Verizon ikafuata 2015, AT&T 2016. Bei ya simu ikatenganishwa na bei ya huduma, na mteja akaona kwa mara ya kwanza kwamba akimaliza kulipa simu, bili yake inashuka. Kuanzia hapo watu wakazishika simu zao muda mrefu zaidi. Bei nazo zikapanda: iPhone X ya Novemba 2017 ilianzia dola 999.

Kuna vitu vitatu vinavyomaliza maisha ya simu nzima isiyovunjika, na cha kwanza ni betri. Betri ya lithiamu huhesabiwa kwa mizunguko ya chaji. Mzunguko mmoja si kuchomeka chaja mara moja. Ni kutumia jumla ya asilimia 100. Ukitumia asilimia 60 leo na 40 kesho, umemaliza mmoja. Apple inaeleza kwamba betri za iPhone hadi toleo la 14 zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500, na kuanzia toleo la 15 ni mizunguko 1,000. Mtu anayetumia asilimia 70 kwa siku anaifikisha mizunguko 500 kwa siku kama 714, yaani pungufu kidogo ya miaka miwili.

Betri iliyochoka haipungui uwezo tu. Ukinzani wa ndani unaongezeka, yaani umeme unatoka kwa shida, na prosesa (ubongo wa simu) inapodai umeme mwingi kwa ghafla, volti inaporomoka na simu inazimika ikiwa bado inaonyesha asilimia 25 au 30. Wengi hudhani ni ubovu wa simu. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa inapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizimike. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mwaka 2018 ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Tarehe 2 Januari 2019 Tim Cook, mkurugenzi mtendaji wa Apple wakati huo, aliwaandikia wawekezaji kwamba mapato ya robo mwaka yangekuwa dola bilioni 84, si zile 89 hadi 93 zilizotarajiwa. Sababu kubwa ilikuwa soko la China, lakini alitaja pia wateja walionufaika na betri za bei nafuu. Betri ya dola 29 ilikuwa imeahirisha ununuzi wa simu ya mamia ya dola.

Cha pili ni masasisho ya mfumo na viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba mianya ya kiusalama. Hapa ndipo majukwaa mawili, iPhone na Android, yalipoachana kwa miaka mingi. iPhone XS na XR za mwaka 2018 zilianza na iOS 12 (iOS ni mfumo wa iPhone), zikaendelea kupokea matoleo mapya hadi iOS 18, na zikaachwa mwaka 2025. Android nyingi za wakati huo zilipata toleo moja au mawili mapya, za bei ya chini wakati mwingine hata moja zisipate. Ushindani ndio uliobadilisha hali. Google iliahidi miaka saba kwa Pixel 8 Oktoba 2023, Samsung ikaahidi saba kwa Galaxy S24 Januari 2024, na Galaxy A16, ambayo ni simu ya bei ya kawaida, ikapewa sita. Umoja wa Ulaya nao, kuanzia 20 Juni 2025, unadai masasisho ya angalau miaka mitano baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni. Miaka ya ahadi za kampuni huhesabiwa tangu modeli ilipotoka, si tangu siku uliyonunua wewe. Galaxy S24 itakayonunuliwa ikiwa imetumika mwaka 2028 itakuwa imebakiwa na miaka mitatu.

Cha tatu kwa Afrika Mashariki ndicho kizito kuliko vyote: WhatsApp. Simu inaweza kuwa nzima, kioo safi, betri mpya, lakini WhatsApp ikiikataa, kwa watu wengi simu imekufa. Oktoba 2023 ilianza kuhitaji Android 5.0 au zaidi. Tarehe 5 Mei 2025 ilianza kuhitaji iOS 15.1, na iPhone 5s, 6 na 6 Plus zikaachwa nje siku hiyo. Bado utazikuta zikiuzwa, na bei yake ndogo ina sababu.

Kwa nini basi bei ya iPhone iliyotumika haishuki haraka kama ya Android? Hakuna kampuni nyingine inayouza simu zenye iOS. Toleo jipya likitoka, Apple kwa kawaida huliacha la zamani sokoni na kulipunguza dola 100: iPhone 15 ilianza dola 799 Septemba 2023, mwaka mmoja baadaye ikawa 699. Bei hiyo mpya inakuwa dari ya bei ya zilizotumika, na dari yenyewe inashuka polepole. Upande wa Android kuna kampuni nyingi zinazonunua chipu kutoka kwa Qualcomm, MediaTek au Unisoc na kutumia mfumo uleule wa Google. Silaha kubwa inayobaki ni bei. Ndiyo maana Tecno, itel na Infinix, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, zimeweza kufika mahali ambapo iPhone mpya haifiki kabisa. Mnunuzi anafaidika siku ya kununua, anaumia siku ya kuuza.

Kwenye simu za bei ya chini kabisa kuna kasoro nyingine: hifadhi hujaa kabla betri haijachoka. Simu ya GB 32 huanza na sehemu kubwa imeshachukuliwa na mfumo; picha na video za magroup ya WhatsApp zinamaliza iliyobaki, masasisho yanakosa nafasi ya kuingia, na simu inakuwa nzito. Ukiwa na fedha kidogo ya kuongeza, iongeze kwenye hifadhi, GB 128, kabla ya kufikiria kamera.

Dhana inayoandamana na mzunguko wa kubadilisha simu ni gharama ya kuhama, yaani vyote unavyopoteza ukitoka jukwaa moja kwenda jingine. Marekani kizuizi kikubwa ni iMessage, huduma ya ujumbe ya Apple kati ya iPhone na iPhone. Kwetu kizuizi hicho ni chepesi: WhatsApp ipo pande zote mbili, na pesa za simu zinakwenda na laini. Kinachouma ni programu ulizolipia, ambazo hazihami, na chati za WhatsApp. Nakala rudufu ya Android iko Google Drive, ya iPhone iko iCloud, na moja haisomeki na nyingine. Anayekwenda iPhone atumie programu ya Move to iOS, achague WhatsApp katika orodha, na afanye hivyo iPhone ikiwa bado haijasetiwa. Wengi huiseti kwanza, kisha wanalazimika kuifuta yote na kuanza upya. Anayetoka iPhone azime iMessage kabla ya kuchomoa laini, la sivyo ujumbe wa marafiki wenye iPhone utaendelea kwenda kusikofika.

Simu za mkopo zimerudisha ule utaratibu wa Marekani kwa sura nyingine. Kenya, Lipa Mdogo Mdogo ya Safaricom na Google ilipoanza mwaka 2020, malipo yalianzia Sh 20 za Kenya kwa siku. Mkopo huu unamwezesha mtu kuingia kwenye simu janja ambayo asingeimudu kwa mkupuo, na hilo ni jambo kubwa. Lakini zidisha malipo ya siku kwa idadi ya siku, ongeza kianzio, kisha linganisha na bei ya taslimu ya modeli hiyohiyo. Uliza pia mkopo unaisha lini na modeli inaacha kupata viraka lini, maana mkopo wa miezi 12 kwa simu iliyobakiwa na miezi 10 ya masasisho ni hasara iliyopangwa. Mpaka malipo yaishe, simu ina programu ya kufunga ambayo kufomati hakuiondoi, kwa hiyo thamani yake ya kuuzia ni karibu sifuri. Ukimaliza, hakikisha kufuli imeondolewa kwenye mfumo wa mkopeshaji na utunze uthibitisho wa malipo pamoja na IMEI, namba ya kuitambulisha simu yako, inayopatikana kwa kubonyeza *#06#.