Eti darubini yako "inavuta mara 525"?

Juzi mzazi mmoja alinijia pale Mama Ngina, Mombasa, ninapowaonyesha watu nyota, na boksi kubwa, kamnunulia mwanawe darubini. Hata salamu hatujamaliza: "Mwalimu, hii inavuta mara 525. Yako je?" Yangu usiku ule niliiweka kwenye 48, na foleni nzima ilikuwa ikitazama Zohali na pete yake.

Hiyo 525 hesabu yake ni sahihi, biashara ndiyo ya uongo. Mkuzo, yaani huko kuvuta, ni urefu wa fokasi wa bomba (umbali kutoka kioo hadi pale nuru inapokutana) ugawe kwa ule wa lenzi ya jicho, ile unayochungulia. Bomba lake milimita 700, lenzi milimita 4: hiyo ni 175. Ongeza kile kijilenzi cha kuzidisha mara 3, haya, 525. Lakini kioo cha mbele kina kipenyo cha milimita 60 tu, na kioo huhimili kama mara 2 kwa kila milimita. Yaani 120, tena hewa iwe imetulia. Ukipita hapo huoni zaidi, watandaza tu nuru ile ile. Nazi ni moja, nawe wataka tui la sufuria ya harusi! Sayari yawa kubwa, ya giza, yenye ukungu, na ile stendi ya miguu myembamba ikipigwa na upepo wa kusi, Zohali yacheza chakacha. Mtoto achungulia mara mbili, darubini yaishia juu ya kabati.

Ulizeni kipenyo. Kioo cha 120 hukusanya nuru mara 4 ya kile cha 60. Galileo aliiona miezi 4 ya Mshtarii mwaka 1610 kwa mkuzo wa kama mara 20. Na pesa zikiwa chache, nasema kila siku wala sisikizwi: nunua darubini ya macho mawili ya 10×50, yaani mkuzo mara 10 na kipenyo cha milimita 50, uanze na Kilimia, kile kishada cha nyota.

Sasa maswali ya foleni. Bendera ya Marekani mwezini, yaonekana? Hata Hubble, darubini iliyoko angani, haiioni. Njoo mwezi ukiwa na siku saba, jua likiupiga ubavuni na vivuli vya kreta virefu. Mwezi mpevu ni mng'aro mtupu.

Mbona galaksi ya Andromeda ni ya kijivu? Kwa sababu gizani jicho halisomi rangi, kamera husoma. Nuru hiyo imesafiri miaka milioni 2.5, ukiidharau, shauri yako.

Mlipuko Mkuu, ule mwanzo wa ulimwengu, ulitokea wapi? Kila mahali. Nafasi yenyewe ndiyo inayotanuka, miaka bilioni 13.8 sasa, na kitovu haina. Watoto hunielewa upesi kuliko baba zao.

Na jua halitazamwi kwa picha ya eksirei wala kioo cha moshi. Chujio la jua hukaa mbele ya bomba. Vile vidogo vya kufunga kwenye lenzi ya jicho hupasuka kwa joto, jicho likiwa pale pale. Boksi lile la 525 lilikuwa nacho kimoja. Nimekitia mfukoni, na sikirudishi.